Balozi Hupanda kwa Miguu ya Nani?

Jumamosi ya Februari 15, 2025, kila mtu Nairobi alikuwa bingwa wa diplomasia. Msusi wangu wa South B alinivuta nywele huku akigawa kura za kusini mwa Afrika, simu yake ameiegemeza kwenye kioo ikionyesha Addis Ababa. Raila Odinga alikuwa akiwania uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika. Aliongoza raundi mbili za kwanza, akaanza kuachwa, na kwenye raundi ya saba Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akapata kura 33. Basi. Kufikia jioni kila mtu alikuwa na mchawi wake. Kuna waliolaumu SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliyowaandikia wanachama wake siku chache kabla ikiwataka wamuunge mkono mgombea wa Madagascar. Kuna waliolaumu nchi zinazozungumza Kifaransa, wengine nchi za Kiarabu, na wengine wakaigeukia serikali yetu wenyewe.

Maelezo yaliyopendwa kuliko yote ni kwamba Youssouf ni mwanadiplomasia wa kazi, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake tangu 2005, ilhali sisi tulipeleka mwanasiasa. Tungempeleka mtu wa fani, tungeshinda. Natamani ingekuwa kweli, maana mimi nimezaliwa na mtu wa fani. Lakini huyo mtu wa fani tulikuwa tumekwisha kumpeleka. Mwaka 2017, Addis hiyohiyo, tulimsimamisha Amina Mohamed, mwanasheria aliyepanda ndani ya mfumo huohuo hadi akawa waziri wa mambo ya nje. Ilichukua raundi saba pia, na aliyeshinda alikuwa Moussa Faki Mahamat wa Chad.

Kwa hiyo swali linabaki wazi: mtu hufikaje juu katika kazi hii, na akifika, amefika kwa nguvu za nani? Daktari bingwa amefika alipo kwa mikono yake. Fundi wa kuchomea vyuma vilevile. Mwanadiplomasia hupanda kwa juhudi zake mpaka mahali fulani, na kuanzia hapo hatembei tena kwa miguu yake. Anabebwa na nchi yake, na kama nchi ina ugomvi na mtu huko mbele, ugomvi huo unamsubiri yeye.

Baba yangu aliingia Wizara ya Mambo ya Nje akiwa kijana mwembamba na akatoka na miwani miwili. Hakuwahi kuwa balozi. Alistaafu akiwa mshauri, cheo ambacho majirani zetu hawakukielewa, kwa hiyo walimwita balozi tu, naye akaacha kuwasahihisha. Kuna wakati alikaimu ubalozi mzima kwa miezi kadhaa, balozi mmoja ameondoka na mwingine hajaja, na Mama husema huo ndio wakati pekee katika ndoa yao ambapo Baba alivaa tai hata akienda kununua mkate. Sasa binti ya kaka yangu anamaliza shahada ya uhusiano wa kimataifa na ananiuliza mimi, kwa sababu babu yake akiulizwa hujibu kwa sentensi isiyo na kitenzi. "Shangazi, niambie ukweli. Mtu anaanzia wapi?"

Anaanzia kwenye tangazo la kazi, kama karani yeyote wa serikali. Anaomba, anahojiwa, anaingia akiwa afisa wa ngazi ya chini kabisa, anapitia mafunzo katika chuo cha wizara, kisha anapangiwa dawati. Vyeo vyenyewe vinajulikana dunia nzima na havina siri: katibu wa tatu, katibu wa pili, katibu wa kwanza, mshauri, waziri mshauri, halafu balozi, ambaye ikiwa nchi zote mbili ziko Jumuiya ya Madola huitwa kamishna mkuu na kufanya kazi ileile. Kila kidato huchukua miaka. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha diplomasia tangu miaka ya 1970, na kila mwaka wanatoka vijana wengi zaidi kuliko madawati yaliyopo.

Dawati ndilo neno ambalo watu wa nje hawaliwazii. Wao huwazia Geneva. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya mwanadiplomasia wa Kenya hupita Harambee Avenue, ndani ya jengo la Old Treasury, mbele ya faili lenye jina la nchi ambayo pengine hajawahi kuikanyaga. Nchi hiyo ikifanya uchaguzi, anaandika. Waziri wake akija, anaandika tena: huyu ni nani, mara ya mwisho tulikubaliana nini, nini tulichoahidi na hatujakitimiza, usimuulize habari ya kaka yake. Yote hayo kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu waziri ataisoma karatasi hiyo akiwa anatembea. Baba alikuwa na usemi kwamba ukurasa wa pili ni wa afisa kujifurahisha.

Na kuna uandishi wenyewe. Barua ya ubalozi kwenda wizara ya nchi mwenyeji haiandikwi kama barua ya watu. Haisemi "mimi" wala "sisi". Huanza na ubalozi wa Jamhuri ya Kenya ukitoa salamu zake kwa wizara ya nchi fulani, ukiona fahari kuieleza jambo fulani, na humalizika na ubalozi ukitumia fursa hiyo kuihakikishia wizara heshima yake ya hali ya juu kabisa. Haitiwi saini kamili. Hupigwa muhuri na kutiwa herufi za mwanzo za jina. Katikati ya salamu na heshima panaweza kuwa na malalamiko makali kuhusu raia wetu aliyepigwa na polisi, lakini mwanzo na mwisho havibadiliki. Kijana anayejifunza hutumia mwaka mzima kugundua kwamba ukali wote uko kwenye kuchagua kati ya "ubalozi unaomba" na "ubalozi unatarajia". Baba amestaafu zamani na bado huiandikia kamati ya maji ya mtaa kwa mtindo huohuo. Mwenyekiti wa kamati hudhani anadhihakiwa.

Jambo lingine nililoliona kwa macho yangu ni karamu. Nikiwa mdogo, siku mbili kabla ya chakula cha jioni cha ubalozi, meza yetu ya kulia ilifunikwa na vikadi alivyovikata Baba kutoka kwenye boksi la sabuni. Kila kadi iliandikwa jina la nchi. Alivisogeza, akavitazama, akavisogeza tena. Mkataba wa Vienna wa 1961 unaohusu mahusiano ya kidiplomasia una kanuni iliyo wazi: wakuu wa balozi hutangulizana kwa tarehe na saa waliyoanza kazi. Ukubwa wa nchi hauhesabiwi. Balozi wa kisiwa chenye watu wachache kuliko Kibera, akiwa ametangulia kuwasilisha hati zake za utambulisho, anakaa juu ya balozi wa Marekani aliyefika jana. Hiyo ni kanuni. Kisha inakuja hali halisi: huyu hasemi na yule tangu vita vya mwaka juzi, huyu hali nyama, mke wa huyu haongei lugha ya yeyote pale mezani. Baba akakwama na kadi mbili mkononi. Mama, aliyekuwa akipita na sufuria, akatazama mara moja tu, akabadilisha viti vitatu, akaenda zake. Karamu ikapita salama, na sifa zikaenda kwa balozi.

Naomba nikae kidogo kwa Mama, kwa sababu simulizi za mabalozi humtaja mwenzi kwenye aya ya shukrani tu. Mama alikuwa mwalimu wa hisabati. Mwenzi wa mwanadiplomasia kwa kawaida haruhusiwi kuajiriwa katika nchi mwenyeji mpaka nchi mbili ziwe zimekubaliana hivyo, na hata zikikubaliana kuna mambo ya kinga na kodi yanayowafanya waajiri waogope. Kwa hiyo aliacha kufundisha, akarudi kufundisha tuliporudishwa Nairobi, akaacha tena. Kila aliporudi alikuta waliokuwa chini yake wamekuwa walimu wakuu. Baba alikuwa akipanda, taratibu, lakini alikuwa akipanda. Mama alikuwa akianza upya. Leo ambapo maafisa wengi wizarani ni wanawake, swali limegeuzwa upande wa pili na bado halina jibu: ni mwanamume gani wa Nairobi atakayefunga ofisi yake ya uwakili amfuate mkewe Islamabad kwa miaka minne?

Na kurudishwa makao makuu nako kuna mambo yake. Ng'ambo unaishi kwenye nyumba iliyolipiwa na serikali, watoto wanasoma shule za kimataifa, unapata posho za ughaibuni. Halafu barua inakuja na miezi michache baadaye mko South C, mshahara ni ule wa mtumishi wa umma, na baba aliyekuwa akishikiwa mlango anagombea kiti cha matatu saa kumi na mbili asubuhi. Nimeona familia zilizovunjika kwa sababu ya kurudi. Kwenda hakujavunja yeyote ninayemjua.

Sasa tufike juu. Baada ya miaka ishirini na kitu, afisa huyu ameandika, amepanga viti, amesimamia ziara, amewazika Wakenya waliofia ugenini na kuzisafirisha maiti zao, amekaa kwenye vikao vya usiku kutafuta neno moja ambalo nchi nyingi zitalivumilia. Anajua kazi. Je, anakuwa balozi? Hapo ndipo miguu yake inapokoma. Katiba ya 2010, ibara ya 132, inampa rais mamlaka ya kuteua mabalozi, na Bunge la Kitaifa liidhinishe. Mteule anaketi mbele ya kamati ya wabunge, anaulizwa mali yake ni kiasi gani na mji mkuu wa anakokwenda ni upi. Akipita, nchi mwenyeji nayo lazima imkubali kwanza, na ikimkataa haiwajibiki kutoa sababu. Hakuna hata kimoja kati ya vizingiti hivyo ambacho afisa anaweza kukivuka kwa kuandika muhtasari mzuri zaidi.

Na kwenye foleni hiyo hayuko peke yake. Wamo waliokosa viti vya ubunge, majenerali waliostaafu, marafiki wa kampeni, na mtu ambaye lazima aondolewe Nairobi kwa adabu. Katika kituo kimoja nisichokitaja, Baba alimpokea bosi mpya wa aina hiyo, mwanasiasa aliyekuja na masanduku mengi na asiyetaka kusoma faili kabla ya saa nne. Baba alimwandikia kila hotuba. Nyumbani hakulalamika hata mara moja. Alianza tu kukata majani mwenyewe, jioni, kwa panga.

Ningeweza kuishia hapo na kusema wateule wa kisiasa ni balaa, na wasomaji wa wizarani wangenipigia makofi. Lakini historia ya nchi hii inanikatalia. Anayepita Gigiri, penye ofisi za Umoja wa Mataifa, akaona bendera zile na magari ya namba nyekundu anaona kazi ya watu wengi, na mmoja wao ni Joseph Odero-Jowi, mwanasiasa aliyekuwa waziri kabla ya kupelekwa New York kuwa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa. Mwaka 1972 Baraza Kuu liliamua kuunda shirika la mazingira, na miji kadhaa mikubwa ililitaka. Kenya ilizunguka kwa nchi zinazoendelea moja baada ya nyingine, ikisema kwamba haiwezekani kila makao makuu yawe Ulaya na Amerika. UNEP ikaja Nairobi. Kodi za nyumba za Runda na Muthaiga, ajira za madereva, wakalimani na wapishi, bei za viwanja pale Ruaka, vyote vina mkono wa kura ile.

Chukua pia Bethuel Kiplagat. Huyu hakuanzia kwenye dawati la katibu wa tatu. Alitoka kwenye kazi za baraza la makanisa, akawa balozi Paris, kisha kamishna mkuu London, na kuanzia 1983 katibu mkuu wa wizara. Alikuja kujulikana kwa kuketi na watu ambao hakuna aliyetaka kuketi nao: mazungumzo ya Msumbiji yaliyopitia Nairobi kabla ya kutiwa saini Roma mwaka 1992, kisha miaka mingi ya Somalia. Lakini kuwa juu serikalini kuna bei. Alipoteuliwa mwaka 2009 kuongoza Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, walionusurika na jamaa za waliouawa na vikosi vya serikali kule Wagalla, Wajir, mwaka 1984 walimpinga, kwa kuwa wakati ule alikuwa katibu mkuu katika serikali iliyohusika. Alikana kuhusika hadi mwisho. Mimi simhukumu hapa. Ninachokiona ni kwamba mtu aliyezungumza kwa sauti ya serikali kwa miaka hawezi baadaye kuomba apewe sauti yake binafsi na kila mtu aamini kwamba ni nyingine.

Macharia Kamau naye alikuwa mtu wa Umoja wa Mataifa kabla ya kuiwakilisha nchi hii New York kuanzia 2010. Akiongoza pamoja na balozi wa Hungary kikundi kilichoandaa Malengo ya Maendeleo Endelevu, walitoka na malengo 17 na shabaha 169. Watu hucheka hiyo 169. Wacheke, lakini jaribu kuziketisha nchi zote za dunia chumbani, kila moja na kitu isichokiacha, uone kama utatoka na chini ya hapo.

Kwa hiyo mgawanyo wa "wa kazi" na "wa kisiasa" hautoshi. Kilicho na maana, kwa maoni yangu, ni kama anayekuja juu anakuta chini yake watu waliokaa miaka, na kama anawasikiliza. Februari 21, 2022, Martin Kimani, mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa wakati huo, aliposimama Baraza la Usalama na kusema kwamba mipaka yetu ilichorwa London, Paris na Lisbon bila kutuuliza, na kwamba Afrika iliamua kuishi nayo badala ya kutafuta mingine kwa damu, video ilizunguka dunia nzima kufikia asubuhi. Hotuba ilikuwa nzuri, naye aliisoma vizuri. Lakini hoja ile haikuzaliwa siku ile Urusi ilipoyatambua majimbo mawili ya Ukraine. Ni msimamo wa Cairo wa Julai 1964, viongozi wa OAU, umoja uliotangulia Umoja wa Afrika, walipokubaliana kuheshimu mipaka iliyorithiwa, na Somalia ikakataa. Wakati huo sisi tulikuwa kwenye vita vya shifta kaskazini mashariki, na waasi waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Kenya haikuusema msimamo huo kwa sababu ni maneno matamu; iliushikilia kwa sababu ungeanguka, sehemu kubwa ya ramani yetu ingekuwa mashakani. Kwa miaka 58 kuna mtu dawatini aliyelihifadhi faili hilo, akalirithisha kwa mwenzake, akaandika upya aya ileile kila ilipohitajika. Majina yao hayajulikani.

Mfano ninaourudia zaidi nikimsimulia mpwa wangu si wa Mkenya. Ni wa Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942. Kama ngazi ingekuwa inapandwa kwa kipaji tu, huyu angefika mwisho wake. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alikuwa balozi Cairo. Akaenda New Delhi. Akaenda Beijing. Mwaka 1970, hata miaka 30 hajafikisha, akawa mwakilishi wa Tanzania Umoja wa Mataifa, na akakaa pale miaka kumi: akaongoza kamati ya kuondoa ukoloni, na mwaka 1979 akawa rais wa Baraza Kuu. Tanzania ya Nyerere ilimpa kitu ambacho maafisa wengi hawakipati, yaani msimamo usioyumba wa kuutetea. Alijua kila asubuhi anasimamia nini.

Kisha Oktoba 25, 1971, Baraza Kuu likapiga kura kuipa serikali ya Beijing kiti cha China, kilichokuwa kikishikwa na ile ya Taiwan, na wajumbe wa Tanzania wakaonekana ukumbini wakishangilia na kucheza. Marekani ilikuwa imeshindwa hadharani. Balozi wake pale alikuwa George H. W. Bush. Songa mbele miaka kumi: mwishoni mwa 1981 Salim anagombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa akiwa na miaka 39. Bush ni makamu wa rais wa Marekani. Marekani inampiga Salim kura ya turufu, China inampiga Kurt Waldheim, katibu mkuu aliyekuwa madarakani, raundi 16, hakuna anayepita. Mwishowe wote wawili wanakaa kando na kazi inakwenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wengi huunganisha ile ngoma ya 1971 na turufu ya 1981 kwa mstari ulionyooka. Mimi nadhani mstari ni mpana zaidi ya ngoma. Marekani ilikuwa ikiikataa sera nzima ya Tanzania, kusini mwa Afrika, Palestina, China, na Salim ndiye aliyekuwa sura ya sera hiyo. Kilekile kilichomfikisha pale ndicho kilichomzuia. Baadaye aliongoza OAU kwa miaka 12, kuanzia 1989, na hakuna anayesema maisha yake yalipotea. Lakini kidato kile kimoja hakikuwa chake kupanda.

Mweke sasa Amina Mohamed kando yake. Mzaliwa wa Kakamega, alisomea sheria Kiev, akaanza kama mwanasheria serikalini, akawa mwakilishi wetu Geneva, na mwaka 2005 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani. Desemba 2015 aliongoza mkutano wa mawaziri wa shirika hilo pale KICC, uliokubaliana kukomesha ruzuku za kuuza mazao nje, jambo lililokuwa limekwama kwa miaka. Mwaka 2020 aliposhindania ukurugenzi mkuu wa shirika hilohilo, hakuna mgombea aliyeijua nyumba ile kwa ndani kumzidi. Alifika watano wa mwisho, na walipobaki wawili hakuwemo. Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria, mtu wa fedha na Benki ya Dunia, ndiye aliyeshinda. Nigeria ni Nigeria, na jina lake lilikuwa kubwa Washington na Brussels kuliko miaka yote ya Amina Geneva.

Djibouti nayo ina somo lake. Juni 2020 iligombania na Kenya kiti cha Baraza la Usalama. Raundi ya kwanza sisi 113, wao 78, tukakosa theluthi mbili. Ya pili 129 kwa 62, tukaingia. Waziri wa mambo ya nje wa Djibouti aliyeshindwa siku hiyo alikuwa Mahmoud Ali Youssouf. Hakufukuzwa. Hakuhamishiwa wizara ya mifugo. Alibaki palepale, akaendelea kupokea simu, kwa Kiarabu, Kifaransa na Kiingereza, na miaka mitano baadaye akarudi kutuomba radhi kwa kura 33. Tangu 2005 Kenya imebadilisha mawaziri wa mambo ya nje mara nyingi kiasi kwamba hata Baba hukwama akiwataja. Uzoefu wa mtu mmoja haushindi uchaguzi, ila nchi inayomwacha mtu mahali pamoja muda mrefu inajenga kitu kinachofanana na uzoefu wake yenyewe.

Hayo yote nimemwambia mpwa wangu, na bado anataka kuomba. Vizuri. Nimemshauri mambo mawili tu. La kwanza, kama ana mtu moyoni, wazungumze sasa habari ya Islamabad, wasingoje barua. La pili, lugha. Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, na ninajivuna, lakini kura za usiku kwenye varanda za hoteli za Addis bado huombwa kwa Kifaransa. Amejiandikisha pale Alliance Française, darasa la jioni, na ananirushia sauti za WhatsApp akijaribu irabu ambazo Mungu hakutupa. Babu yake amesikia na hakubaliani nami hata kidogo. Anasema Kifaransa kila mtu anakimbilia; asome Kireno, kwa sababu kikitokea kituo cha Maputo au Luanda hakuna mwingine wa kupeleka, na afisa asiye na mshindani hapiti kwenye foleni ya mtu.